Vigae vilivyonaswa na jarife Mtang'ata: chombo kilichozama hutuambia nini juu ya biashara ya kale?

Mwana wa Mtang'ata (Tanga)

Assalaam aleikum, waungwana. Naomba mwenye elimu ya mambo ya kale, au mwenye uzoefu wa bahari, anisaidie katika jambo ambalo limenishughulisha sana tangu mwezi uliopita.

Mjomba wangu ni mvuvi, na amevua katika maji ya kusini mwa Tanga tangu alipokuwa kijana. Siku moja alirudi na vipande vitatu vilivyonaswa katika jarife lake, nje kidogo ya mwamba unaoelekeana na Tongoni. Kimoja ni shingo ya mtungi mnene, bado ina sehemu ya mkono wake, na imegandwa na chaza na matumbawe madogo hata rangi yake haionekani vizuri. Vile viwili vingine ni vigae vya bakuli, vizito kuliko vyombo vya siku hizi, vyenye mng'ao wa kijani kilichopauka kama jani changa la mgomba. Mjomba hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba marehemu babu alikuwa akiokota vitu kama hivyo mahali hapo hapo, na kwamba wazee walipaepuka kwa sababu nyavu hukwama na kuraruka, lakini hakuna aliyewahi kuuliza zinakwama kwenye nini.

Mimi nimekulia karibu na magofu ya Tongoni, mji wa kale wa eneo letu la Mtang'ata. Tangu utotoni nimeyaona makaburi yapatayo 40 ya Tongoni, mengine yakiwa na nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kigeni. Tulipoyatembelea na shule tuliambiwa kwamba bakuli hizo zililetwa na vyombo vya biashara kutoka ng'ambo. Hatukuambiwa vyombo vyenyewe vilikuwa vya namna gani, vilibeba nini pamoja na bakuli, vilirudi na nini, wala kwamba kuna ambavyo havikufika. Nasoma kwamba katika nchi nyingine wazamiaji wamegundua meli za miaka elfu moja, hata elfu tatu, na wataalamu wakajifunza mengi kutokana nazo. Je, meli iliyozama inaweza kutuambia jambo gani ambalo gofu la nchi kavu haliwezi? Na kama pwani yetu ilikuwa na biashara kubwa kiasi hicho, mbona hatusikii habari za vyombo vya kale vilivyoonekana huku kwetu? Mwisho, vipande hivi vitatu viko mezani pangu, nami sijui nivifanye nini.

Mwalimu wa Historia (Bagamoyo)

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nimefurahi sana kuliona swali hili, nami nitajibu sehemu yake ya kwanza kwa kirefu, kwa kuwa nimeisomea na kuifundisha. Hizo nyingine wapo wanaozijua kuliko mimi.

Mji kama Kaole, ambao uko karibu nasi hapa Bagamoyo, uliishi kwa karne kadhaa. Watu wake walivunja vyombo na kuvifagia, wakajenga juu ya takataka za waliowatangulia, wakayachukua mawe ya nyumba iliyoanguka wakajengea nyingine, na walipohama waliondoka na kila chenye thamani. Mchimbaji anapopata kigae cha China mahali kama hapo anajua kwamba kilifika. Hajui kilifika kwa mkono wa nani, wala kilipakiwa pamoja na bidhaa gani. Chombo kinachozama, kinyume chake, huchukua kila kitu kwa saa moja: shehena, mawe ya mizani ya mfanyabiashara, chakula cha mabaharia, taa yao, mafuta yao. Vitu vyote vilivyomo vilikuwa vikitumika siku ile ile, na mara nyingi vimelala kwa mpangilio ule ule vilivyopakiwa ngamani. Mpangilio huo ndio elimu yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uluburun, katika pwani ya kusini ya Uturuki. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo alieleza kwamba ameona chini ya maji vipande vya metali vinavyofanana na biskuti zenye masikio. Wanaakiolojia, wakiongozwa na George Bass na baadaye Cemal Pulak, walichimba mahali hapo kuanzia mwaka 1984 hadi 1994, wakazamia zaidi ya mara 22,000 katika kina kinachozidi mita 40. Zile biskuti zilikuwa mikuo ya shaba. Kwa jumla palikuwa na shaba ipatayo tani 10, nyingi ikiwa imetoka Kupro, pamoja na bati karibu tani 1. Na uwiano huo wa kumi kwa moja ndio hasa unaohitajiwa kuyeyushia shaba nyeusi, metali ngumu iliyotengenezewa silaha na zana za zama zile. Mtu akiipata shaba peke yake katika mji mmoja na bati peke yake katika mji mwingine, hawezi kuuona uwiano huo. Aliyeipakia meli ile alijua mahitaji ya mnunuzi wake, na sisi tumelijua hilo baada ya zaidi ya miaka 3,300, kwa kuwa meli ilizama katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Humo humo mlikuwa na mitungi ipatayo 150, mingi ikiwa na utomvu wenye harufu nzuri; mikate ya kioo cha buluu; kaharabu ya pande za Baltiki; pembe za ndovu, meno ya kiboko, na muhuri wa dhahabu wenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Katikati ya mali hiyo palikuwa na magogo mafupi ya mti mweusi, mzito. Mbao zake zilipochunguzwa zilitambuliwa kuwa ni Dalbergia melanoxylon. Ndugu yangu, huo ni mpingo, mti ule ule ambao mafundi wetu wanauchonga vinyago na ambao viwanda vya Ulaya vinautengenezea zumari zao. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza niliiweka karatasi chini nikanyamaza kwa muda. Hata hivyo sharti niseme kwa uangalifu. Mpingo huota katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia Senegali hadi Eritrea na kushuka hadi kusini mwa bara, na yaelekea magogo yale yaliufikia mkono wa wafanyabiashara kupitia Misri, kutoka nchi zilizo kusini mwake. Si ushahidi kwamba mtu wa pwani yetu aliwahi kuuza gogo likafika Uturuki. Ni ushahidi kwamba mti wa Afrika ulikuwa bidhaa ya kifalme iliyovuka bahari mbali na ulikokatwa, katika zama ambazo vitabu vingi vya shule havina hata sentensi moja juu ya biashara ya Afrika kusini mwa jangwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi, maana unahusu bahari yetu wenyewe. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, wavuvi waliokuwa wakizamia majongoo bahari waliangukia rundo la bakuli. Ilikuwa shehena ya chombo cha karne ya 9, na ndani yake mlitolewa vyombo vya kauri na udongo vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli za Changsha huko China, nyingine zikiwa zimepangwa kwa mviringo ndani ya mitungi mikubwa ili zisivunjike njiani. Bakuli moja lilikuwa limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826 kwa hesabu ya leo. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, bila misumari, kwa ufundi wa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na miongoni mwa mbao hizo zimo za jamii ya Afzelia, mti wa Afrika. Mbambakofi wetu ni wa jamii hiyo hiyo.

Kabla ya hapo wanahistoria walikuwa na maandishi ya Waarabu na ya Wachina yaliyotaja safari za moja kwa moja kati ya Ghuba ya Uajemi na China, lakini wapo waliodhani kwamba bidhaa zilipita mikononi mwa watu wengi, bandari kwa bandari. Belitung kilionyesha chombo cha magharibi kikiwa kimebeba mzigo mkubwa wa China katika bahari za mashariki. Tena kilionyesha kwamba bakuli zile zilitengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, mafundi wakichora maua, samaki, na hata mistari inayoiga mwandiko wa Kiarabu, kwa kujua nani atanunua. Vigae vya aina hiyo hiyo ya Changsha vimechimbuliwa hata Manda, katika visiwa vya Lamu. Kwa hiyo, unapokishika kigae cha China hapa pwani, umeshika ncha moja ya kamba, na chombo cha Belitung kimetuonyesha namna ile ncha nyingine ilivyofungwa.

Fundi wa Vyombo (Pangani)

Nimeyasoma maneno ya mwalimu na nimefaidika nayo. Nitakujibu, mwanangu, lile swali la mbona hatuvioni vyombo vya kale huku kwetu, kwa sababu nimetumia zaidi ya miaka 40 nikijenga na kukarabati mashua na majahazi, na najua jinsi chombo cha mbao kinavyokufa.

Katika maji yetu ya joto, ubao ulioachwa wazi hauishi muda mrefu. Kuna wadudu wa baharini wanaoutoboa, na ndiyo sababu tangu zamani chombo hukokotwa pwani, huchomwa moto chini, hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Chombo kisichopata matunzo hayo hata kwa misimu michache huwa kama sega la nyuki. Kinachosalimika ni kile kilichofunikwa na mchanga au tope upesi, au kilicholaliwa na mzigo wake mzito. Meli ya shaba tani 10 hujilinda yenyewe, maana uzito wa shaba huukandamiza mkuku na mataruma, yaani uti wa chini na mbavu za chombo, ndani ya mchanga. Mtepe, chombo chetu cha kale cha kushonwa, uliobeba boriti za mikoko, pembe za ndovu, sandarusi na mtama haukuwa na uzito wa namna hiyo. Boriti huelea zikaenda zao, nafaka huoza, na mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi huachana mara tu kamba zinapokatika. Mtepe haukuwa na misumari, wala tanga la nguo; tanga lake lilikuwa la mkeka. Sasa niambie, ukizama juu ya mwamba na kupigwa na mawimbi ya kusi miaka 600, utabakiza nini?

Utabakiza farumi, nanga na vyombo vya udongo. Ndiyo maana namsihi mjomba wako asitafute meli, atafute mawe. Chombo kisicho na mzigo wa kutosha hupakiwa mawe chini ili kisipinduke, na mawe hayo mara nyingi huwa ya bandari kilikotoka. Miamba yetu ni ya matumbawe. Akiona rundo la mawe meusi ya mviringo, au mawe magumu ambayo hayapatikani pwani hii, yamelala mahali pamoja kwa urefu wa chombo, hapo pana jambo. Nanga za kale nazo zilikuwa za mawe: jiwe refu lililochongwa, lenye matundu ya kupitishia vigingi vya mbao vilivyoshika mchanga. Wataalamu waliozamia Kilwa Kisiwani wameziona nanga za mawe za namna hiyo, na Kilwa ni bandari ambayo hakuna anayebisha ukubwa wake.

Liko jambo jingine ambalo msomi asiyepanda chombo anaweza kulisahau. Vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi huja kwa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba, na hurudi kwa kusi. Kwa hiyo chombo chenye bakuli nyingi za kigeni kilizama kikija, si kikirudi. Lakini bakuli haziji lazima na chombo kilichovuka bahari kuu. Nahodha wa jahazi kubwa aliweza kuteremsha mzigo wake Mombasa au Kilwa, kisha mashua ndogo na mitepe ikausambaza pwani nzima, kama tulivyofanya sisi na saruji na chumvi katika ujana wetu. Inawezekana kabisa kwamba huko Tongoni kilizama chombo cha watu wa Tongoni wenyewe, kimebeba bakuli za China zilizonunuliwa safari ya siku mbili tu kutoka hapo. Kwangu mimi hiyo ingekuwa habari kubwa zaidi, kwa sababu meli za wageni zimeandikwa na wageni, lakini mtepe umeandikwa kidogo sana.

Mwana wa Mtang'ata (Tanga)

Shikamoo mzee wangu, shikamoo mwalimu. Nimeyachapisha maelezo yenu na kumsomea mjomba, naye alitikisa kichwa aliposikia habari ya mawe meusi, akasema kwamba atakumbuka vizuri zaidi akikaa kimya kidogo.

Naomba niongeze swali moja. Jirani yetu, aliyewahi kuwatembeza wageni katika magofu, anasisitiza kwamba vipande vyangu ni vya meli ya Vasco da Gama, kwa sababu moja ya meli zake iliangamia Mtang'ata. Je, ni kweli?

Mwalimu wa Historia (Bagamoyo)

Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako ana kweli juu ya meli, ila nadhani amekosea juu ya vigae.

Meli iliitwa São Rafael. Aprili 1498, Wareno walipokuwa wakipanda kaskazini kuelekea Mombasa, meli hiyo ilikwama kwenye mafungu yaliyo mbele ya Mtang'ata, ikanasuka maji yalipojaa. Waliyaita mafungu yale kwa jina la meli yao, na milima waliyoiona nyuma ya pwani, ambayo bila shaka ni Usambara, nayo wakaiita milima ya São Rafael. Kumbukumbu ya safari inasema kwamba watu wa hapo waliwaendea na mashua wakiwa na machungwa matamu kuliko ya Ureno, na mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba hapo Tanga iliingia katika maandishi ya Wareno kwa machungwa yake.

Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Waliitia nanga São Rafael mahali pale pale, wakahamisha vitu vyote vilivyofaa, kisha wakaichoma moto. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyokuwa katika meli hiyo ilichukuliwa, na leo iko katika jumba la makumbusho la bahari huko Lisbon. Unaona basi: meli hii haikuzama na shehena yake. Iliondolewa mali kwa siku kadhaa, na mtu anayehama kwa utaratibu haachi bakuli nzuri nyuma. Kama kuna kitu chake kilichobaki, huenda ni farumi na vyuma vilivyochakaa. Zaidi ya hayo, mng'ao wa kijani unaoueleza unafanana na bakuli za Longquan huko China, ambazo zilikuwa zikiletwa pwani yetu kabla ya Wareno kufika. Simaanishi kwamba nimezitambua bila kuziona. Nasema tu kwamba kigae chako hakihitaji Mreno ili kiwe na maana.

Ukitaka kuiona meli ya Wareno iliyozama na mali yake katika pwani hii, nenda Mombasa. Meli ya kivita (fragata) Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein, Bara Hindi, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira ngome hiyo. Ilichimbwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome. Kaskazini zaidi, Ras Ngomeni karibu na Malindi, kuna mabaki ya meli yaliyotoa mikuo ya shaba na pembe za ndovu, nayo yanahesabiwa kuwa ya Wareno wa karne ya 16.

Binti wa Chumbageni (Tanga)

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee fundi. Mimi nimesomea akiolojia na kazi yangu imekuwa ya kuhifadhi vitu vilivyochimbuliwa, kwa hiyo kaka yangu naomba uniruhusu nianze na meza yako kabla ya historia.

Ondoa vipande hivyo mezani leo. Udongo uliokaa baharini kwa karne nyingi umejaa chumvi, na ukikauka, chumvi hugeuka fuwele zinazouinua mng'ao na kuubandua vipande vipande. Viweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, na kama havijakauka sana anza na maji ya bahari, kisha uongeze maji baridi ya bomba kidogo kidogo, ukiyabadilisha kila baada ya siku chache. Usikwangue chaza wala matumbawe kwa kisu, na usitumie siki wala ndimu. Piga picha ukiweka rula pembeni. Andika tarehe, kina cha maji kwa makadirio ya mjomba, hali ya chini kama ni mchanga au mwamba, na alama alizotumia kupatambua mahali.

Kisha toa taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kuitaarifu serikali. Ofisi ya halmashauri inaweza kukuunganisha na wahusika. Najua wavuvi huogopa kwamba wakisema, eneo lao la uvuvi litafungwa. Ni hofu ya haki, na inafaa isemwe wazi mbele ya maafisa tangu mwanzo, mjomba akiwepo, kwa kuwa yeye ndiye mgunduzi na jina lake linastahili kuandikwa katika taarifa.

Nasisitiza habari ya mahali kwa sababu nimeona hasara yake. Mwaka 1986 huko Amsterdam ziliuzwa kwa mnada kauri zipatazo 150,000 za meli ya Geldermalsen, meli ya Uholanzi iliyozama mwaka 1752. Zilitolewa haraka kwa ajili ya soko, na mambo mengi ambayo meli ingeweza kusema juu ya maisha ya mabaharia na upakiaji wa shehena yalipotea. Hata chombo cha Belitung alichokitaja mwalimu kilitolewa na kampuni ya biashara. Shehena yake sasa iko Singapore, lakini mwaka 2011 maonyesho yake yaliyopangwa kufanyika Washington yaliahirishwa, kwa kuwa wanaakiolojia wengi walipinga namna ilivyotolewa. Mimi nakubaliana na waliopinga, ingawa naikubali elimu iliyopatikana.

Tazama sasa tofauti ya kazi iliyofanywa kwa subira. Mwaka 2008, huko Namibia, wachimbaji wa almasi waliikuta meli ambayo inaaminika kuwa ni Bom Jesus, iliyotoweka mwaka 1533 ikielekea Bara Hindi. Mlikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, na magazeti mengi yaliandika zaidi juu ya dhahabu hiyo. Lakini mlikuwa pia na pembe za ndovu zaidi ya 100, ambazo zilihifadhiwa vizuri chini ya uzito wa mikuo ya shaba katika maji baridi ya pwani ile. Mwaka 2020 watafiti walieleza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya pembe hizo: zilitoka kwa ndovu wa misitu ya Afrika Magharibi, wa makundi yasiyopungua 17, na mengi ya makundi hayo leo hayapo tena. Kutokana na shehena moja tumejua kwamba pembe zilikusanywa kutoka mahali pengi kabla ya kufika bandarini, yaani palikuwa na mtandao wa wawindaji, wachukuzi na madalali wa Kiafrika ambao hakuna nahodha aliyewaandika. Dhahabu ile haikuweza kutuambia hayo.

Nafikiri hapo ndipo mzee fundi alipogusa jambo zito. Upande wetu wa biashara ulikuwa wa vitu vinavyooza: pembe, boriti, sandarusi, magamba ya kasa, na pia watu waliotekwa wakauzwa, ambao wengine walizama wakiwa wamefungwa. Kigae cha China kinadumu, ndiyo sababu kila makumbusho yamejaa vigae vya China na msomaji hudhani kwamba pwani ilikuwa ikipokea tu. Endapo siku moja kitapatikana chombo kilichozama kikiondoka hapa wakati wa kusi, kikiwa kimefunikwa na tope la mkoko mahali pasipo na hewa, mizani itabadilika. Midomo ya mito yetu, Pangani ikiwemo, ina tope la namna hiyo.

Fundi wa Vyombo (Pangani)

Marahaba, binti yangu. Uliyoyasema juu ya mdomo wa mto ni kweli. Tulipokuwa tukichimba mahali pa kukokotea vyombo, zaidi ya mara moja tulikutana na mbao nyeusi chini ya tope, ngumu kama zilikatwa jana. Tulizitoa tukazipikia. Sikujua.

Mwana wa Mtang'ata (Tanga)

Vipande viko ndani ya ndoo tangu jana jioni, na picha nimezipiga pamoja na rula. Kigae kimoja kilikuwa kimeanza kutoa unga mweupe pembeni, kama dada yangu alivyoeleza.

Mjomba ameketi na mimi leo baada ya Alasiri, na nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mahali penyewe ni pale ambapo mnazi mrefu wa peke yake unaingia chini ya kilele cha Usambara chenye mgongo wa ngamia, na upande wa kusini ncha ya mikoko inaanza kufunguka hadi ukaona maji nyuma yake. Kina ni pima sita maji yakipwa. Chini ni mchanga wenye mwamba upande wa bahari kuu. Mawe yapo. Anasema kwamba babu aliyaita mawe ya wageni, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifikiri ni jina tu la mwamba. Hajui kama ni meusi, maana hajawahi kuzamia hapo, lakini nanga ya mashua yake imewahi kutoka na jiwe la mviringo lililonasa kwenye kamba, akalitupa.

Jumatatu tunakwenda pamoja ofisi ya halmashauri, na mjomba ameweka sharti kwamba yeye ndiye atakayezungumza. Ikiwa watakubali kumtuma mtu, anasema wasije wakati wa kusi. Wangoje maleleji, bahari ikilala na maji yakiwa meupe, naye atawapeleka kwa mashua yake hadi pale mnazi unapoingia chini ya mlima.